Uvutano Ulioandikwa kwa M

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Seth, ni mtu mwema, tena hana choyo na nguvu zake, ila ukimkabidhi maneno ya mtu mwingine hawezi kuyaacha yapite salama. Lazima ayasahihishe. Tangazo la kifo atalisahihisha, mwaliko wa harusi atausahihisha, na siku moja kanisani nilimsikia kwa masikio yangu akirekebisha sala ya bibi kizee, kwa sauti ya chini, ngeli baada ya ngeli, huku bibi wa watu amefumba macho anazungumza na Mungu wake. Alifundisha Kiswahili miaka mingi shule moja ya Kariobangi, na tangu astaafu sisi watu wa mtaa wa Jericho, hapa Nairobi, ndio darasa lake. Winny alipompelekea tangazo lake, ningemwonya kama angeniuliza. Hakuniuliza, kwa sababu wakati huo mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu za "sasa" na "poa" tu, tukipishana.

Haikupaswa kuwa hivyo. Winny Okinyi alizaliwa katika nyumba tunayogawana nayo ukuta. Hizi nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zimeshikana kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakwambia pole akiwa kitandani kwake. Baba yake, Mzee Gordon Okinyi, ni Mjaluo wa Siaya. Baba yangu, Mzee Masinde, ni Mbukusu wa Kimilili. Waliandikwa kazi ya reli wakiwa vijana wembamba, wakapanga nyumba hizi mbili, na huko ndiko walikozeekea. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mtoto wa kunyonya. Mama yake Winny, jina lake Kezia, alikuwa na mtoto wa umri wangu, akaninyonyesha. Sisemi kwa mafumbo. Winny titi hili, mimi Nakhumicha titi lile. Mtaa mzima ulimwita Mama Winny, mimi nilimwita Mama.

Mama alifariki mwaka mmoja kabla ya korona.

Baba ndiye aliyekuwa mtu wa mazishi hapa mtaani. Akifa yeyote wa magharibi, Baba ndiye huitwa kwanza, atafute basi, atafute turubai, apange safari. Basi siku ya kumpeleka Mama Siaya, gari lilisimama mbele ya maduka likinguruma, watu tumeshapanda, na Baba haonekani. Mzee Okinyi alisimama kwenye ngazi ya basi, mkono ameushika mlango, akamkataza dereva kuondoka bila Masinde. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya dereva, nikijua kabisa kwamba Baba yuko njiani, labda amesahau kofia. Mwishowe wazee wengine walimshika Mzee Okinyi bega, akakaa, tukaenda. Tuliporudi kutoka mazishini Baba akasema basi lilimwacha. Alimwambia hivyo mtu aliyelizuia basi lile kwa mkono wake mwenyewe.

"Halikukuacha," Mzee Okinyi akamjibu. "Wewe ndiye umetuacha."

Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Kwetu, awe Mluhya awe Mjaluo, unaweza kukosa harusi ya mtu, ukakosa na ubatizo wa mtoto wake, na mkaendelea kuazimana chumvi. Mazishi hayakoswi. Sisi mabinti tukafuata baba zetu. Winny alirudi ng'ambo anakosomea, nami nikabaki na cherehani yangu soko la Jericho nikishona sare za shule. Nilimtetea Baba mbele ya kila mtu, ingawa moyoni nilimwona mwongo, na kazi hiyo inachosha kuliko kushona.

Sasa mwaka huu Baba akaamua kurudi Kimilili. Magoti yamegoma, ndugu yangu amemjengea nyumba, na lori lilikuwa lije Jumatatu kubeba vitu. Mzee akirudi nyumbani kwa namna hiyo, Jericho anaisikia kwenye simu tu. Nilijua akiondoka bila kusemezana na Mzee Okinyi watakufa hivyo, mmoja atazikwa Kimilili na mwingine Siaya, na kila mmoja atakosa mazishi ya mwenzake. Jambo hilo lilininyima raha. Niliogopa, nasema wazi. Nikamtuma mchungaji, akarudi ameshiba chai na hana jibu. Nikamsihi Baba mwenyewe. Akasema, "Mimi akiniita nitaenda." Nikamwendea Mzee Okinyi. Akasema, "Akiniita nitaenda." Wazee wawili, ukuta mmoja, kila mtu anangoja kuitwa. Nilitamani niwagonganishe vichwa.

Wakati huohuo Winny alikuwa amekuja likizo. Anasomea shahada yake ya mwisho ya fizikia, naye yumo katika kundi kubwa la watu wa nchi nyingi wanaochunguza mashimo meusi, yale ya angani yanayomeza kila kitu hadi mwanga. Vijana wa kanisa walimwomba aje awaeleze kazi yake. Akakubali, ila akasema atazungumza kwa Kiswahili ili wazee nao wasikie. Akaandika tangazo, akampelekea Seth alichape. Lilisema hivi: "UVUTANO. Mashimo mawili meusi yaliyozungukana kwa miaka mingi hatimaye yakaungana. Mawimbi yake yametufikia. Njooni tusikilize."

Seth akalipokea. Kwanza akayafuta yale mashimo meusi, maana ukumbi ni wa kanisa, na mchungaji asingependa shimo lolote jeusi litangazwe mlangoni pake. Yakabaki "mawili yaliyozungukana." Mawili gani? Seth akajiuliza, akaona ni kosa la ngeli, mtoto amekaa sana kwa wazungu. Akaandika "wawili waliozungukana." Halafu ile "uvutano" ikamkera. Redioni anasikia mvutano kila siku, mvutano wa magavana, mvutano wa vyama, na hajawahi kusikia mtu akitangaza uvutano. Ile U akaihesabu kuwa kidole kilichoteleza. Likabandikwa kwenye mlango wa ukumbi likisema:

"MVUTANO. Wawili waliozungukana kwa miaka mingi hatimaye wakaungana. Mawimbi yao yametufikia sote. Njooni tusikilize. Msemaji: Winny Okinyi. Jumamosi saa nane."

Nani Jericho atayasoma hayo afikirie nyota? Hapa mvutano ulikuwa mmoja tu, na wenyewe tuliwajua kwa majina.

Habari nilipewa na Syombua, anayeuza mboga karibu na cherehani yangu. "Nakhu, hongera bwana," akaniambia huku akikatakata sukuma. "Kumbe wazee wamekubali kukaa chini? Na huyo Winny ni msichana wa maana, ameamua kuita kikao mbele ya kanisa."

Nilienda kuliona tangazo kwa macho yangu, nikalipiga picha, kisha nikaenda moja kwa moja hadi mlango ambao sikuwa nimeugonga tangu mazishi. Winny alifungua akiwa amejifunga leso, mswaki mkononi.

"Ni nani amekutuma kumweka baba yangu kwa mlango wa kanisa?"

"Nimemweka wapi?"

Nikamsukumia simu usoni. Akasoma, akasoma tena, akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtetemeka, nami nikadhani analia.

"Aki Seth," akasema. Alikuwa anacheka. "Nakhu, hii si yangu. Mi niliandika uvutano. Ile nguvu inakurudisha chini ukiruka. Ni mashimo yameungana, si watu!"

"Mashimo gani?"

"Ya angani, bana. Yale nasomea."

Nilitaka kuendelea kukasirika, nilikuwa nimejiandaa vizuri, lakini kicheko kilinishinda. Tukasimama pale mlangoni tukicheka kama wasichana wa darasa la nane, na ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa nimemkosa. Nikamwambia avae twende tukalibandue lile tangazo kabla mtaa wote haujalisoma. Akaingia kuvaa. Akatoka tena akiwa bado na leso.

"Nakhu. Baba amenyoa ndevu."

"Sasa?"

"Asubuhi alitoka kidogo, akarudi, akanyoa, akaniuliza suti yake ya kijivu iko wapi. Nikafurahi nikadhani anakuja kunisikiliza mimi."

Baba naye, asubuhi ile ile, alikuwa amenipa shati lake jeupe akaniomba nimpigie pasi. Sikumwuliza sababu, nilidhani ni la safari ya Jumatatu.

"Kila mtu anadhani ameitwa," nikasema.

"Na kila mtu amekubali kuja," Winny akasema.

Tukatazamana. Yeye ana roho ya kanisa kuliko mimi, akasema kwamba hiyo ni kuwadanganya wazee. Nikamwambia mimi sijamdanganya mtu yeyote, aliyedanganya ni M ya Seth, na M hiyo nitaiacha ikae palepale ilipo. Akaniuliza, na wakija wakajua, je? Nikamwambia watajua wakiwa wameshakaa, na goti la Baba likishakaa haliinuki haraka. Winny hakusema ndiyo. Alisema tu kwamba chai iko, na kama nina nafasi niingie. Nikaingia.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Sidhani mwanafizikia yeyote amewahi kupata umati wa namna hiyo hapa Nairobi. Walikuja wenye maduka, walikuja wa kwaya, walikuja watu waliohamia mtaa wa Pipeline zamani wakasikia huko kwamba Okinyi na Masinde leo wanapatanishwa. Baba alikaa upande wa kulia karibu na ukuta, shati jeupe, fimbo katikati ya magoti. Mzee Okinyi alikaa upande wa kushoto, safu ya mbele, suti ya kijivu, kidevu kinang'aa. Hawakutazamana. Nilikaa nyuma ya Baba, kana kwamba ni mimi niliyeshtakiwa.

Winny alisimama mbele bila karatasi. "Wazazi wangu, asanteni kwa kuja," akasema. "Nataka niwaambie kuhusu wawili ambao..." Akasita. Nilimwona akilitafuta neno, kisha akaamua kusema kweli nusu. "Si watu. Ni vitu vilivyo mbali sana. Nivumilieni kidogo."

Watu wakaguna, lakini kwa upole. Kwetu msemaji huruhusiwa kuanzia mbali. Walidhani ni mfano, na kwamba akimaliza kuzunguka atatua kwa wazee.

Akawauliza wale waliofanya kazi ya reli: mlijuaje treni inakuja kabla hamjaiona? Mzee mmoja akajibu, reli inatetemeka, ukiweka mguu unaisikia. Winny akasema na anga ni hivyo hivyo. Anga si utupu mkavu, vitu vizito vikitikisika ndani yake nalo hutetemeka, na mtetemo huo husafiri. Akaeleza juu ya mashimo mawili meusi, kila moja uzito wake kama majua thelathini na kitu. Yalikaa yakizungukana. Kila mzunguko yalitoa mawimbi, na kila yalipotoa mawimbi yalisogeleana kidogo. Hayana namna nyingine. Mwishowe yakaungana yakawa shimo moja, likatikisika kidogo, likatulia. Mawimbi yale yalipita katikati ya nyota na vumbi bila kuzuiliwa na chochote, na mwezi wa kwanza mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano yakaifikia dunia, yakapita katika mawe, katika kuta, katika miili yetu sisi tuliomo humu, nasi hatukusikia kitu. Vyombo huko Marekani ndivyo vilivyosikia. Vilitikiswa kwa kipimo kidogo kuliko punje yoyote unayoweza kuifikiria.

"Hakuna aliyewahi kuyasikia mawimbi hayo waziwazi hivyo," akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika. Nilimwona Mama katika uso ule, akisimulia jambo jikoni, mwiko umesimama hewani. "Kuna hesabu ya zamani inayosema kwamba mashimo mawili yakiungana, eneo la uso wake haliwezi kupungua. Safari hii tumepima. Kabla ya kuungana, ukijumlisha yote mawili, ni kama kilomita za mraba laki mbili na elfu arobaini. Yalipoungana ikawa kama laki nne. Na huku uzito umepungua. Kiasi cha majua matatu hivi kiliondoka."

Fimbo ya Baba iligonga sakafu. Ndivyo anavyoomba nafasi ya kusema.

"Mwanangu," akasema. "Huo uzito uliopungua ulienda wapi?"

"Ndio mawimbi yenyewe, Baba. Kilichopungua kule ndicho kilichotufikia huku."

"Na yalitoka lini?"

"Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita."

"Kawia ufike!" mtu akapaza sauti kutoka dirishani, na ukumbi ukaangua kicheko. Baba hakucheka. Alimngoja Winny.

"Yalipofika," akauliza, "hamkuyakataa kwa sababu yamechelewa?"

"Hapana, Baba. Tulikuwa tumekaa tukiyangoja."

Baba akaitikia kwa kichwa, polepole, na akakaa akiitazama fimbo yake.

Kisha Mzee Okinyi akainua mkono, kwa adabu, kama mwanafunzi wa bintiye. Aliuliza kitu kikianguka ndani ya shimo hilo kinakuwaje. Winny akasema hakirudi. Mzee akauliza kama basi kimepotea kabisa, hata habari zake hazipo tena duniani. Swali hilo hakuna aliyelisikia kuwa la fizikia. Wote tulijua anamuulizia nani. Winny akamjibu kama msomi anayemheshimu baba yake, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Hapo ndipo wataalamu wanapovutana, Baba. Zamani wengine walisema habari zake hupotea. Siku hizi wengi wanaona hazipotei, zinatoka kidogo kidogo kwa muda mrefu mno. Lakini zinatokaje, bado hatujui. Na hakuna aliyewahi kuziona zikitoka."

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui."

"Afadhali umesema," Mzee Okinyi akasema, akakaa.

Hapo Seth akasimama. Nilijua atasimama. Akaanza kutueleza kwamba ndugu zangu, tumejifunza leo kuwa hata angani kuna kusameheana, na mimi nikasaga meno, maana sipendi nyota za watu zigeuzwe mahubiri. Mashimo hayasameheani. Yanaangukiana tu. Lakini aliyemkatiza hakuwa mimi, alikuwa Syombua, ambaye aliacha mboga zake juani na alitaka kujua moja.

"Mwenyekiti, samahani. Kikao cha wazee chenyewe kinaanza saa ngapi?"

Winny akanitazama, nami nikatazama sakafu. Ikabidi yeye aseme, kwa sauti ya chini, kwamba hapakuwa na kikao, kwamba tangazo aliliandika kwa U likabandikwa kwa M, na mazungumzo yalikuwa ya mashimo tangu mwanzo. Seth akaanza kutetea ngeli yake. Hakuna aliyemsikiliza. Watu wote walikuwa wanawatazama wazee.

Mzee Okinyi alisimama akafunga kifungo cha koti. "Kumbe hakuna aliyeniita," akasema.

"Mimi nilijua ni wewe umeniita," Baba akasema kutoka upande wake. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu siku ile ya basi.

"Nami nilijua ni wewe."

Akageuka kuelekea mlangoni. Nilitaka kumkimbilia, nimshike koti, nimwambie kwamba basi ameona sasa, kila mtu alitaka kuja, ila miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nikawaza kwamba Jumatatu lori litakuja, na kwamba ni mimi niliyeiacha ile M mlangoni ili aaibike mbele ya watu wa Jericho na Pipeline.

Ndipo niliposikia sauti ambayo sikuitambua. Kwetu mtu aliyekosa mazishi haendi kwa wafiwa na salamu. Haulizi habari za siku nyingi. Anapofika anasimama, analia kwa sauti, anamwita marehemu kwa jina, na hapo ndipo hupewa kiti, hata iwe imepita miaka. Kila mtu mzima mle ndani aliijua desturi hiyo. Lakini Baba nilikuwa sijawahi kumwona analia. Katika matanga yote aliyoyasimamia, alikuwa wa kuwanyamazisha wengine.

"Kezia!" Baba alilia. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi bila fimbo, mikono kichwani. "Kezia wee! Dada yangu! Umelea mtoto wangu, umekwenda, na mimi sikukusindikiza! Kezia, nilikuwa nyuma ya mlango!"

Mzee Okinyi alisimama palepale, mgongo ametugeukia.

"Nilikuwa nimevaa," Baba akasema. Sasa alikuwa anamwambia yeye. "Nilikuwa tayari tangu alfajiri, nimeshika kitasa. Honi nikaisikia. Nikasema nitoke, miguu ikakataa. Nimezika watu wa mtaa huu wote, Okinyi, na huyo mmoja akanishinda. Nililia pale chini kama mtoto. Nikaona haya. Ndiyo nikasema basi limeniacha."

Nilikuwa nalia mwenyewe kufikia hapo, na Winny alikuwa amekuja kukaa karibu nami, ameshika mkono wangu kwa nguvu ya kuniumiza. Muda ule wote nilimtetea Baba nikimwona mwongo. Mwongo alikuwa kweli, lakini sikuwa nimewaza kwamba uongo wake ulikuwa wa kuficha machozi.

Mzee Okinyi akageuka. Akavuta kiti kimoja kutoka safu ya mbele, akakiweka katikati ya ukumbi, kisha akavuta cha pili akakiweka mkabala.

"Kaa," akasema. "Nikusimulie."

Maana aliyechelewa husimuliwa. Akamsimulia yote, tangu Jericho hadi Siaya, bila haraka, kana kwamba jeneza limeshushwa jana. Jinsi gurudumu lilivyopata pancha baada ya Nakuru. Wanawake wa boma waliokuja kulipokea basi barabarani wakiimba. Mhubiri aliyesema mno hadi mtu akamvuta koti. Baba aliuliza maswali madogo madogo. Alivishwa nguo gani? Ya kijani. Mvua ilinyesha? Ilitisha tu, haikunyesha. Watu wengine walianza kutoka kimyakimya, wakaona kwamba kikao walichokifuata kimeanza na si chao tena. Syombua akaenda kuziondoa mboga zake juani. Hata Seth alitoka.

"Na nani walimbeba?" Baba akauliza. Ni swali la mtu wa mazishi.

Mzee Okinyi akahesabu kwa vidole. Opicho, mwenzao wa reli, mbele. Shemeji zake wawili katikati. Yahye wa duka la pembeni, ambaye alifunga duka akasafiri nasi. Na yeye mwenyewe nyuma.

"Hao ni watano," Baba akasema. "Jeneza hubebwa na sita."

"Walitaka kuingiza mtu," Mzee Okinyi akasema. "Nikakataa. Nikawaambia hapo pana mwenyewe. Tukambeba hivyo hivyo hadi kaburini."

Mimi nilikuwa natembea nyuma ya jeneza lile. Niliona likiinama upande mmoja njia nzima, nikadhani ni ubaya wa njia.